Kiti cha Don Nazario cha Jumapili

Kwetu Salcajá mtu hainuki mezani kimya kimya kama mwizi. Ukimaliza kula unasema asante, hata kama aliyepika ni wewe mwenyewe, na wote waliobaki mezani wanakujibu, "Kikufae." Ukiingia mgahawani ukawakuta watu usiowajua wanakula, unawaambia "Kiwafae," nao wanakushukuru na midomo imejaa. Ukipita njiani ukamwona mwashi kaketi juu ya tofali zake anakula chapati ya mahindi kwa chumvi, ni hivyo hivyo. Ni neno dogo. Mimi nimelisikia kutwa kucha kwa miaka ishirini na miwili nikiwa jikoni mwa mgahawa wangu, hata nikawa silisikii tena, kama mtu asivyoisikia saa ya ukutani kwake. Aliyenirudishia masikio ni Don Nazario Ovalle, mfunga nyuzi.

Alianza kula kwangu wiki tatu baada ya kumzika mkewe, Otilia. Hiyo ni miaka minne sasa. Alikuja saa saba mchana na kofia mkononi, akachagua ile meza ndogo ya watu wawili iliyo karibu na mlango wa jikoni, meza ambayo wateja wengine huikimbia kwa sababu ya moshi. Nilimshangaa. Don Nazario si katika wale wanaume wanaosimama mbele ya jiko kama mbele ya hakimu. Otilia aliugua muda mrefu, na yeye ndiye aliyekuwa akipika, akifua, na kumsuka nywele. Na mimi nina mdomo, sikuumbwa kukaa na swali tumboni.

Nikamuuliza, "Kwani kwako moto umezimika, Don Nazario?"

"Moto unawaka, doña. Na maharage nayajua kuliko wewe."

"Basi umekuja kunikagua."

Hakucheka. Alipangusa sahani kwa kipande cha chapati mpaka ikang'aa, ndipo akaniambia.

"Nikimaliza kula nyumbani nasema asante. Sijipangi kusema, najikuta nimeshasema. Halafu nasubiri."

Hakueleza anasubiri nini, na sikumuuliza. Akainuka, akavaa kofia, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Asanteni." Watu wote kumi na wanane waliokuwa ndani wakamjibu kwa pamoja bila kuinua macho, "Kikufae." Nilimwona akisimama kidogo pale mlangoni, kama mtu anayeota jua, kisha akaenda zake. Tangu siku hiyo alikuja kila siku. Mchuzi wangu ni mzuri, sikatai, lakini sijidanganyi. Si mchuzi uliomleta.

Kazi yake ni ya kufunga nyuzi kabla hazijatiwa rangi. Nyuzi zinanyooshwa barabarani, ndefu, kutoka kona hadi kona, naye anapita anazifunga mafundo kwa mamia, ili rangi isiingie pale alipofunga. Mafundo yakifunguliwa, michoro inatokea: ndege, mitungi, wanasesere walioshikana mikono. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika ncha ile na kuvuta, mwingine anafunga huku. Alipokuwa kijana aliifanya na mdogo wake Abelino, wamepishana miaka miwili tu, na watu walisema huwezi kujua fundo lipi ni la nani. Ila miaka kumi na mmoja sasa, Don Nazario alikuwa akifunga ile ncha ya pili kwenye nguzo ya umeme. Wachokozi wa mtaani walikuwa wakimwuliza, "Ndugu yako hajambo leo?" wakionyesha nguzo. Naye anajibu, "Hajambo. Huyu angalau hasusi."

Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yake ngumu, maana Jumapili sifungui. Nimechoka wiki nzima, na mimi ni binadamu. Jumapili moja nikitoka kanisani nilipita kwake nikamkuta ametoa kiti nje, kakiweka mlangoni kabisa, miguu iko barabarani, na sahani ya maharage iko mapajani. Nilidhani anaota jua. Nikamwambia, "Kikufae, Don Nazario." Akanishukuru. Nyuma yangu akaja mama na watoto wake, wakasema. Wakaja vijana wa mpira, wakasema. Nilipofika kona nikageuka. Sahani ilikuwa imebaki nusu na yeye alikuwa anatafuna polepole, polepole sana, akiangalia barabara ili aone nani mwingine anakuja. Nikaelewa. Nilijisikia vibaya siku ile nzima, nikakasirika pia, maana sipendi mtu anitie uchungu siku yangu ya mapumziko.

Sasa kuhusu Don Abelino, mdogo wake. Na yeye alikuwa mteja wangu, wa Alhamisi, siku ya supu ya ng'ombe. Alikaa kona ya mbali, akiukabidhi ukuta uso wake. Akiingia aliwasalimu wote kwa pamoja, na Don Nazario alipokuwamo, Abelino alijificha katika neno hilo la wote. Lakini Don Nazario alipoinuka na kusema asanteni, mimi niliyesimama mlangoni mwa jikoni niliona. Midomo yote ilifunguka isipokuwa mmoja. Abelino alikuwa akiangalia kijiko. Na Don Nazario alijua. Mtu huweza kusikiliza sauti ishirini akajua ni ipi isiyokuwapo.

Ugomvi wenyewe ulianzia mezani. Mama yao alipofariki, siku ya tisa ya matanga, Otilia aliamka alfajiri akapika pepián, ule mchuzi mzito wa mbegu za maboga na pilipili zilizokaushwa, kwa ajili ya ukoo mzima. Abelino akala vijiko viwili, akasukuma sahani, akatoka. Hakusema asante. Mbele ya mashangazi, mbele ya binamu waliotoka mbali, mbele ya Otilia aliyesimama na kikapu cha chapati mkononi hajakaa tangu asubuhi. Kwetu hilo ni kofi. Don Nazario akamfuata hadi mlangoni, akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Hata mbwa wa mama anashukuru, kwa mkia." Abelino akavaa kofia, akaondoka. Otilia alipougua, Abelino hakuja. Otilia alipokufa, alikuja akasimama nje ya lango na kofia kifuani mpaka jeneza likapita, lakini kwenye chakula hakuingia. Angeingiaje? Angekula, na akila itambidi ashukuru.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nami nililima. Sikumwambia yeyote neno. Lakini Don Nazario, siku moja ya mvua alipochelewa kuondoka, aliniambia mwenyewe, bila hasira, akichezea chumvi mezani.

"Watu wote wa mji huu wameshanijibu, doña. Hata yule kichaa wa sokoni. Nimebakiza mmoja, na huyo mmoja ndiye niliyekula naye sahani moja tangu utotoni. Nisipojibiwa na yeye kabla sijafa, nitakuwa nimekula maisha yangu yote na mtu mmoja kaninunia."

"Si umwendee basi?"

"Nikamwambie nini? Yeye ndiye aliyeinuka kimya."

Nilimwambia kichwa chake ni kigumu kuliko jiwe langu la kusagia. Akakubali kwamba ni kweli, akasema asante, na kwa kuwa tulikuwa wawili tu, nikamjibu mimi.

Jambo lenyewe lilitokea Jumanne ya mwezi wa sita, siku ya soko, siku ya pepián kwangu. Mvua ilishuka saa saba na robo, si ya kunyesha bali ya kumwaga, na watu wote wa sokoni wakajazana ndani. Nilikuwa nimewapa mgongo, mikono yangu miwili iko kwenye chapati, nikamsikia mtu anaingia anakung'uta maji na kuwaambia watu "Kiwafae." Bila kugeuka nikasema, "Kuna nafasi moja pale kwenye meza ya mlango wa jikoni, baba, kaa tu." Hilo ndilo kosa langu, kama ni kosa. Nilipogeuka na sahani, Don Abelino alikuwa amesimama, kalowa chapachapa, nyuzi zake alizozikimbiza kutoka barabarani ziko begani, mbele ya kiti kilichomtazama kaka yake. Mwenye nyumba akishakupa kiti, kukikataa ni kumtukana, na Abelino alikuwa ameshatukana nyumba moja maishani mwake. Akakaa.

Sijawahi kuwaona watu wawili wakila kwa adabu namna ile. Mmoja akichukua chapati, mwingine anasubiri mkono uondoke kikapuni. Hawakutazamana. Mgahawa mzima ulijua, maana Salcajá si mji wa siri, na kwa mara ya kwanza tangu nifungue niliwasikia watu wakitafuna.

Mvua ikapungua. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Asanteni, kikufae. Asanteni, kikufae. Na hao wawili waliwajibu wote, vizuri kabisa. Nikaona kwamba sahani ya Don Nazario imebaki kijiko kimoja, na hakili. Nikatazama ya Abelino, nayo imebaki kijiko kimoja. Wakaweka vijiko chini.

Hapo ndipo nilipofahamu wamefikia wapi, na nilitaka kucheka nikashindwa. Atakayemaliza kwanza itabidi ainuke, na akiinuka itabidi amshukuru mwenzake. Na atakayebaki, itabidi ajibu. Walipokuwa wengi palikuwa na pa kujifichia. Sasa meza ni ya wawili. Don Nazario alikwisha kataa kuanza, miaka kumi na mmoja. Abelino alikwisha kataa kujibu, miaka minne. Basi wakakaa.

Nikawauliza kama wanaongeza. Wote wakaongeza. Don Nazario ana vidonda vya tumbo na pepián humchoma, najua, lakini alikula sahani ya pili akaacha kijiko kimoja. Saa nane ikapita. Jua likatoka, barabara ikaanza kufuka mvuke, na nyuzi za Abelino zilikuwa sakafuni zinakauka vibaya, kazi ya siku tatu inaharibika. Hakuzitazama. Nikafuta meza zote. Nikageuza viti juu ya meza, jambo ambalo kwa kawaida huwafukuza hata walevi. Mimi ninajulikana kwa kufukuza wateja, sina aibu nalo. Lakini siku ile niliingia jikoni nikaosha masufuria yaliyokuwa safi.

Ilikuwa kama saa kumi Abelino aliponiita. Hakuniita kwa shida ya chakula.

"Doña Eduvina, mbegu hizi unazikaanga na nini?"

Nikamwambia naweka kijiti cha mdalasini, na ufuta kidogo.

"Otilia alikuwa anafanya hivyo," akasema Don Nazario. Aliiambia sahani yake.

Nilisimama na kitambaa mkononi, sikuthubutu kurudi ndani wala kukaa.

"Alikuwa anafanya kama mama," akasema Abelino. Naye aliiambia sahani yake. "Siku ile nilitia vijiko viwili, nikamkuta mama mdomoni. Yeye mwenyewe, kaka, kana kwamba yuko jikoni. Nikatoka. Nilikuwa nyuma ya karo la maji ninalia kama mtoto mchanga. Nilipokuwa narudi nije nikae, nikakukuta wewe mlangoni na maneno yako ya mbwa."

"Ungesema."

"Ningesemaje, koo limeziba?"

"Koo limeziba miaka kumi na mmoja?"

Abelino akafikiri. Ni mtu mkweli, hilo siwezi kumnyima.

"Mwaka wa kwanza lilikuwa koo," akasema. "Iliyobaki ilikuwa kichwa."

Don Nazario alitoa sauti fulani puani, sijui kicheko, sijui nini. Akageuza kijiko chake upande huu na upande ule. Akasema lile neno la mbwa lilimtoka, na kwamba Otilia alimgombeza usiku ule ule, na kila mwaka siku ya matanga ya mama alimgombeza tena, mpaka mwaka aliokufa.

"Mbwa mwenyewe ameshakufa," akasema Abelino. "Mwache apumzike."

Kisha akachukua kijiko. Akala lile donge la mwisho, limeshapoa, mafuta yameganda juu yake. Akalitafuna muda mrefu. Akainuka, akashika kofia kifuani kama alivyoishika siku ile nje ya lango, na hakumtazama kaka yake. Alitazama juu kidogo ya kichwa chake, mahali ambapo mwanamke angesimama akiwa na kikapu cha chapati mkononi.

"Asante kwa chakula, shemeji," akasema.

Neno lilikuwa kwenye ulimi wangu, maana kwetu asante haiachwi hewani, na miaka ishirini na miwili imenizoesha kujibu kabla sijafikiri. Nikauma kitambaa. Halikuwa jibu langu. Don Nazario aliweka kijiko chini, akainua uso. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta, aliyaacha yashuke ndani ya masharubu.

"Kikufae," akasema. "Kikufae, mdogo wangu. Angefurahi."

Halafu akala kijiko chake, haraka, kama mtu anayekimbiza basi, akainuka naye. Meza ilikuwa katikati yao. "Asante," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayeuliza.

"Kikufae, kaka."

Wakatoka pamoja. Niliwaona kupitia dirishani wakizitandaza zile nyuzi zilizolowa barabarani, Abelino ncha ile, Don Nazario ncha hii, wakizivuta zinyooke kabla hazijaharibika kabisa. Nguzo ya umeme ilisimama pembeni haina kazi. Nikageuka nikakaa kwenye kiti cha mteja, jambo nisilolifanya, nikalia vizuri.

Jumapili iliyofuata nilitoka kanisani nikapita njia ya kwake makusudi, nimebeba bakuli la mchuzi niliokuwa nimembakizia, maana nilikuwa na wasiwasi wa lile tumbo lake na sahani mbili za pepián. Kutoka kona nikaona kiti hakipo. Barabara tupu, na mlango umefungwa. Nikajua ameanguka, mtu wa miaka sitini na nane anayeishi peke yake, nikajilaumu kwa kumwongezea chakula, nikakaza mwendo. Nilikuwa nimekwisha inua mkono nibishe hodi ndipo nikasikia vijiko. Viwili. Na sauti ya Abelino ikilalamika kwamba maharage yana chumvi nyingi, na sauti ya Don Nazario ikimwambia asiyeyataka aende akale kwa Doña Eduvina.

"Jumapili hafungui, yule mvivu," akasema Abelino.

Nilishusha mkono. Kwa neno hilo ningeweza kuingia nikawamwagia mchuzi vichwani wote wawili. Lakini watu walikuwa wanakula, na mimi nilikuwa napita njia, na mila ni mila. Nikausogelea mlango.

"Kiwafae," nikasema.

Vijiko vikatulia. Kisha kutoka ndani, kwa pamoja, sauti mbili za wazee zinazofanana hata usijue ipi ni ya nani, zikanijibu, "Asante."